Gari Linalopitwa na Watoto

Gari la samaki haliozi injini, linaoza chesisi. Nililijua hilo siku niliyokwenda Pangani kuiona Hilux ya mtu mmoja aliyebebea samaki wa barafu kwa miaka mingi. Maji ya chumvi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye matenga, yanapenya sakafu, yanatua kwenye vyuma vya chini. Nilipolala mgongo nikaigusa chesisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye papai bivu. Mwenye gari akaona haya, akashusha bei kabla sijafungua mdomo. Hakujua kwamba chesisi yake sikuwa na haja nayo. Nilichokuja kutafuta ni vile vitu vinavyoishi ndani ya oili: injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo, gia boksi, transfa inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, na ekseli mbili za chuma kizima, ya mbele na ya nyuma. Huko chumvi haifiki.

Nilitaka kutengeneza gari la kupanda mawe.

Ukimwambia mtu hivyo hapa Tanga anakuuliza mara mbili. Kupanda mawe kwenda wapi? Kwenda kokote. Unapanda, unashuka upande wa pili, unarudi. Nilikuwa nimezitazama sana video za Wamarekani kwenye simu, hasa zile za mashindano ya King of the Hammers wanayofanya tangu mwaka 2007 katika jangwa la Johnson Valley, California. Wenzangu walipenda sehemu za mbio na vumbi. Mimi nilipenda pale gari linapofika kwenye mwamba, linapunguza mwendo mpaka unadhani limezima, linalipapasa jiwe kwa tairi kama mtu anayetafuta kandambili gizani, halafu linapanda. Video moja ya namna hiyo niliitazama mpaka bando likaisha.

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Karakana yetu iko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, na siku nyingi ninachokereza ni bushi, shafti za pampu, na vyuma vya baiskeli, maana mji huu baiskeli ndiyo miguu ya watu. Gari zima sikuwahi kuunda. Nilikuwa na mashine, nilikuwa na rafiki wawili, mmoja fundi wa kuchomelea na mwingine fundi umeme wa magari, na nilikuwa na Mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza mpaka alipostaafu. Kila siku baada ya alasiri anakuja karakana, anakaa kwenye kiti kile kile, kikombe cha kahawa mkononi, na hakuna kazi inayotoka pale bila yeye kuitia kasoro. Siku Hilux ilipofika ikiwa imeburutwa alikuwa amekaa tayari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hicho kinanuka papa, umekileta cha nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba injini hii ni ya kuanzia tu, nikipata pesa nitaweka 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, kwa sababu mawe yanataka nguvu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuiona korona ikifanya kazi. Korona ndiyo mashine inayopura majani ya mkonge kutoa nyuzi. Nikasema nimeiona nikiwa mtoto. Akasema: "Yale magurudumu yenye visu yanazunguka mpaka huyaoni. Lakini mnyororo unaolibeba jani unakwenda kama bibi harusi. Mota ni moja. Sasa wewe niambie, wanaopunguza mwendo huo ni nani?"

"Gia."

"Basi kaa nazo hizo gia zako kwanza. 1HZ waachie wanaobeba watalii."

Niliudhika, nasema ukweli. Leo hii nikikumbuka pesa ambayo ningeitupa kwenye ile injini nasikia baridi tumboni.

Kesho yake akanipa kazi ya kitoto: kuhesabu. Tuliinua tairi moja la nyuma kwa jeki, tukachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Tukafungua plagi za hita ili mbano utoke, maana dizeli ukiizungusha kwa mkono na mbano wake utavunjika wewe. Habu za mbele tukaziachia ili matairi ya mbele yasivutwe. Gia ya kwanza, transfa kwenye low, yaani gia yake ya mwendo mdogo, spana kwenye bolti ya krenki, zungusha. Nilihesabu krenki mizunguko 18 na kitu, tairi likamaliza mzunguko mmoja. Nikaandika 18. Nilikuwa nimesoma kwamba low ya transfa hii inapunguza mara 2.28, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazoyagawia matairi mawili mwendo, ni 4.1, na gia ya kwanza ni karibu 4. Ukizidisha unapata 37 hivi. Mimi nilikuwa na nusu yake. Nikarudia mara tatu, jasho linatiririka, 18 na kitu tena.

Mjomba alikuwa anacheka ndani ya kikombe. Akanyosha kidole kwenye tairi la pili, lile lililokuwa chini. "Huyu amelala. Mwenzake anafanya kazi ya wawili."

Hapo ndipo nilipoielewa difu, baada ya miaka yote ya kukereza vyuma vya magari ya watu. Tairi moja likishikwa, lililo huru linazunguka mara mbili. Tukainua yote mawili, tukahakikisha yanakwenda sawa, tukapata 37. Na pale pale nikaona ugonjwa ambao gari langu lingekuwa nao juu ya mawe. Tairi moja likining'inia hewani, difu inalipa hilo mwendo wote, na lile lililokanyaga jiwe linabaki kutazama. Injini ya silinda sita ingelizungusha tairi la hewani kwa kishindo zaidi, basi.

Sasa 37 ni kidogo au nyingi? Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 700 kwa dakika, tairi la inchi 31 linakwenda kama mita 46 kwa dakika, karibu kilomita 3 kwa saa. Barabarani hiyo ni kutambaa. Juu ya jiwe lenye kona kali ni kasi ya kuvunjia vitu. Wenye pesa huko nje wananunua sahani maalumu ya kuungia transfa mbili. Sisi tulifanya jambo linalofanywa na mafundi wengi wasio na duka la kuagizia: tukaweka gia boksi mbili, moja nyuma ya nyingine.

Sehemu hii nitaieleza taratibu kwa sababu ndiyo iliyonila miezi mitano.

Gia boksi ya kwanza ni ya Hilux isiyo na four-wheel, inakaa nyuma ya injini kama kawaida. Ya pili ni ile yangu ya samaki, na transfa yake imeshikana nayo. Katikati kuna propela fupi, shafti ya kupeleka mzunguko kutoka ya kwanza hadi ya pili. Tatizo ni kwamba shafti ya kuingilia ya gia boksi ya pili imetengenezwa ili ivae sahani ya klachi, haina flanji ya kufungia propela. Dawa yake ni sahani ya klachi yenyewe. Unaikata, unabaki na kile kitovu cha kati chenye meno yanayolingana na shafti, unakichomelea kwenye flanji uliyoikereza. Nilipoliona hilo nilijiona mtaalamu, mpaka tulipowasha. Gari zima lilitetemeka kama mashine ya kusaga. Baada ya siku mbili sili ya mbele ikaanza kutema oili.

Kosa lilikuwa langu, na la kizembe. Shafti ile kwa asili inashikwa sehemu mbili: beringi ndani ya gia boksi, na ncha yake inaingia kwenye beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki. Mimi nilikuwa nimeiachia ncha ielee. Ikawa inapiga duara kama mlevi aliyeshikwa mkono mmoja. Nikakereza kikombe cha beringi, nikakifunga kwenye bamba la milimita 12 mbele ya gia boksi. Bado ikatetemeka, ila kidogo. Mjomba akaniambia nilete saa ya kupimia, ile ya sindano inayoonyesha chuma kimeyumba kiasi gani. Kumbe bamba langu lilikuwa limekaa nje ya katikati kwa sehemu 4 za kumi za milimita. Kwa jicho huzioni. Kwa shafti inayozunguka mara elfu mbili kwa dakika ni msiba. Nilitoboa matundu upya, na safari hii nilipima kwanza, nikapima tena, nikaenda kuswali, nikarudi nikapima.

Ilipokubali, ilikubali kweli. Gia ya kwanza mbele na ya kwanza nyuma zinakupa karibu 150. Gari linakwenda mita 11 kwa dakika. Tuliliwasha ndani ya karakana, nikashuka likiwa kwenye gia, nikaenda mlangoni, nikasalimiana na jirani, nikarudi nikapanda. Watoto wa mtaani wakaliita Jongoo siku hiyo hiyo na jina likabaki.

Ila hakuna anayetumia 150. Gia boksi ya pili haijui kwamba ya kwanza imeshazidisha nguvu mara nne kabla ya kuipa. Yenyewe inadhani imeunganishwa na injini ndogo, kumbe mlangoni kuna mnyama. Mara ya kwanza nilipoyaweka mawili yote kwenye namba moja nikaligandamiza tairi kwenye ukuta wa mawe ili nione, nilisikia mlio kama mtu anavunja muwa. Jino la gia ya kwanza. Sasa tunatumia ya pili mbele na ya kwanza nyuma, inakuja kama 80, na hapo injini ikiwa sailensa gari linakwenda zaidi kidogo ya kilomita moja kwa saa. Inatosha.

Mabomba ya fremu ndiyo yaliyonipa homa, na sisemi kwa mafumbo. Nilianza na bomba la maji la zinki kwa sababu lilikuwepo na ni rahisi. Rafiki yangu wa kuchomelea hakuwepo wiki ile, nikasema nitaanza mwenyewe, mlango nusu umefungwa kwa sababu ya upepo wa kusi. Nilichomelea tangu asubuhi hadi magharibi. Saa nne usiku mwili ukaanza kutetemeka, kichwa kinagonga, mdomoni ladha kama nimeweka sarafu. Mama akasema malaria, na kwa Tanga hakuna anayebishana na mama juu ya malaria. Kipimo kikasema hakuna. Kufika jioni ya pili nilikuwa mzima kabisa, nimekaa nakula ugali. Ni moshi wa zinki. Ukiiunguza zinki inatoa moshi mweupe, unauvuta, na homa inakuja baadaye ukiwa umeshasahau ulichokifanya mchana. Mafundi wengi wanakuambia unywe maziwa. Nilikuwa nimekunywa lita nzima. Hayakufanya kitu.

Tukahamia bomba jeusi, la inchi moja na nusu, unene wa milimita 3.7 hivi. Halina zinki na lina nyama. Kulikunja tulitumia njia ya zamani: unalijaza mchanga, unaziba ncha zote mbili, unalipasha moto, unalivuta taratibu. Mchanga unalizuia lisibonyee. Lakini uwe mkavu. Sisi tulikuwa tunauanika juani kisha tunaukaanga kwenye karai, kwa sababu unyevu ukibaki ndani ya bomba lililozibwa na ukalitia moto, unageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unaitengeneza. Kizibo kimoja cha mti kiliruka kikatoboa bati la jirani. Tulimlipa bati. Mshono wa bomba nao una adabu yake: usiuweke upande wa nje wa kona wala wa ndani, uweke ubavuni, la sivyo unafunguka kama ganda la kunde.

Umbo la fremu nililikosea kwa sababu ya mazoea. Mimi nimekulia kwenye grili za madirisha, na grili ni miraba. Nikajenga Jongoo miraba mitupu, inapendeza, imenyooka. Mjomba alipokuja hakusema kitu, alichukua jeki akaitega kona kwa kona ndani ya mraba wa nyuma, akapampu mara chache. Mraba wangu ukalala ukawa msambamba. Kisha akanionyesha baiskeli ya muuza mkaa iliyokuwa imeegemezwa nje, magunia mawili mgongoni. "Umeona mraba humo?" Ni pembetatu mbili zilizoshikana, za bomba jembamba kuliko kidole gumba changu na cha shahada vikiwekwa pamoja. Tulikata, tukaongeza vyuma vya mshazari kila mahali. Urembo ulipotea.

Difu ya nyuma tuliichomelea tukayafunga meno yake yasizunguke, matairi yote mawili yawe kitu kimoja. Kwa hili nina maneno machache. Osha mafuta yote, pasha chuma moto kabla, na ukimaliza piga nyundo upate kujua kama kuna punje ya kuchomelea itakayodondoka kwenye beringi. Na usiende nalo lami. Kwenye kona tairi la ndani linataka kukaa na la nje linataka kwenda, wanagombana mpaka mmoja apasuke. Jongoo lami halitakiwi hata kwa sababu nyingine: halina kadi wala namba. Kila likienda mawe linapandishwa kwenye Fuso.

Machimbo tuliyoruhusiwa ni ya zamani, upande wa Maweni, mawe ya chokaa yaliyoachwa. Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu, tusije siku ya mazishi kijijini kwa ajili ya kelele. Mawe ya chokaa yana tabia mbili. Yakiwa makavu yanashika tairi vizuri kuliko sakafu ya saruji, ila yana meno yanayokata ubavu wa tairi. Yakilowa na kupakwa udongo mwekundu ni sabuni.

Siku ya kwanza tulikwenda na matairi ya mzigo, yale magumu ya pickup za shamba, na upepo 40. Jongoo likawa linaruka juu ya mawe kama mpira wa kikapu. Nikamwambia kijana wa pancha aliyekuja nasi apunguze upepo, akapunguza hadi 28, akasimama, akanitazama. Nikamwambia endelea. Kufika 15 akakataa kabisa. Kwake yeye kazi yote ya maisha ni kuyatia matairi upepo, nami namwambia aue. Nilimalizia mwenyewe hadi 10. Hata hapo matairi yale hayakulala, kuta zake zilikuwa ngumu kama ndoo. Tulirudi bila kupanda kitu. Baadaye nilipata matairi ya mtumba yenye ubavu laini, na tofauti haielezeki mpaka uione. Tairi linalikumbatia jiwe. Kwa upepo 10 tumepanda ngazi ya mawe ambayo kwa 25 lilikuwa linateleza na kuchimba. Hasara yake ni kwamba ukikata kona kali tairi linaweza kuvuka rimu, na limeshavuka mara mbili, tukalirudisha kwa maji ya sabuni na pampu.

Kuhusu kamba nitasema moja. Mjomba alileta kamba nene ya mkonge, ya tangu enzi zake, akisema mkonge umeijenga Tanga tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, hautashindwa kulivuta Jongoo. Kwa macho ilikuwa nzima. Ilikuwa imekaa miaka stoo inayovuja, na ndani nyuzi zilikuwa zimeoza. Ilikatika kwa mlio wa bunduki, ncha ikapita juu ya vichwa vyetu. Kamba yoyote, iwe ya mkonge, ya nailoni au ya waya, watu wakae mbali nayo mara mbili ya urefu wake.

Kuanguka kulikuja mwezi wa tatu wa kucheza. Kosa nililijenga mwenyewe karakana. Tangi la lita 60, betri na tairi la akiba nilikuwa nimeviweka nyuma ya viti, usawa wa mabega, kwa sababu pale vinafikika kirahisi. Tangi likijaa peke yake ni kilo 50. Siku ile tulikuwa na dumu la maji la lita 20 pia, limefungwa juu kabisa. Tulikuwa tunapita kwenye mteremko wa ubavu, polepole, kilomita moja kwa saa, tairi la juu likapanda jiwe dogo ambalo hata sikulitilia maanani. Gari likaanza kulala. Hicho ndicho watu hawakielewi, kwamba linaanguka kwa mwendo ule ule linaotembea nao. Una muda wa kufikiri. Na mwili wako unafikiri vibaya. Rafiki yangu wa umeme, aliyekaa upande wa chini, alitoa mkono nje kulizuia. Gari la zaidi ya tani. Bomba la fremu lilishuka juu ya vidole vyake viwili.

Wakati tunamvuta, injini ilikuwa bado inaunguruma. Nilizima ufunguo, ikaendelea. Moshi mweupe wa bluu ukajaa. Ikilala ubavu, oili ya injini inamwagika kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na dizeli haichagui, inakula oili kama mafuta, na mwendo ukaanza kupanda bila mtu kugusa kitu. Mjomba ndiye aliyechukua kipande cha ubao akakibana kwenye mdomo wa hewa kwa mguu. Ikakohoa, ikafa. Kabla ya kuiwasha tena tulifungua plagi za hita, tukaizungusha kwa mkono, oili ikaruka nje kutoka kwenye silinda mbili. Kama ningepiga stata moja kwa moja, oili haibonyei, ningepinda koneti, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Vidole vilivunjika vyote viwili. Kimoja kimerudi, kingine hakikunji mpaka leo, na kwa fundi umeme kidole ni chombo cha kazi. Hakunilaumu kwa maneno. Mama yake alinisalimia kwa kichwa tu kwa miezi kadhaa. Yote mengine niliyoyasimulia hapa nayacheka sasa, hili silicheki.

Tulishusha kila kitu. Tangi likaenda chini ya viti, betri sakafuni, tairi la akiba tunaliacha kwenye Fuso. Madirisha tukayafunga wavu wa jarife, ule mnene wa kuvulia papa, nilionunua kwa wavuvi wa Sahare. Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyeufunga, kwa mkono ule ule, na akawa analalamika kwamba matundu ni makubwa, mkono wa mtu mpumbavu bado unapita.

Jumamosi iliyopita Mjomba alisema anataka kupanda. Miezi yote hiyo alikuwa anakataa, anasema kaburi lake halitaki mabomba. Tukampandisha upande wa kushoto, tukamfunga mikanda minne, akalalamika kwamba anabanwa kama mtoto mchanga. Alikuja na kikombe cha kahawa. Nikamwambia itamwagika. Akasema tutaona.

Gia ya pili mbele, ya kwanza nyuma, low, upepo 10. Niliondoa mguu kwenye pedali zote. Jongoo likaanza kuupanda ule mwamba wa kati wenye ngazi tatu, injini haijabadilisha hata sauti. Watoto wa kijijini walikuwa wanatembea kandokando, wakatupita, wakakaa juu wakitusubiri, mmoja akaanza kumenya chungwa. Kwenye ngazi ya pili tairi la mbele kulia likapapasa, likapata mahali, likavuta. Mjomba alikuwa anakitazama kikombe. Kilikuwa kimeinama kama gari lilivyoinama, kahawa imebaki imesawazika, haijatoka tone.

"Hii ndiyo ile 80?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata bei nzuri. Kisha akaukunja wavu, akidai unamkwaruza kofia, akatoa mkono nje ili amwagie watoto masimbi ya kahawa.

"Mjomba, samahani," nikamwambia, "mkono ndani."